Ijumaa za Namba Kumi na Nne

Siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Phelista aliambiwa kwamba mwanamume aliyekuwa akimngojea atamke neno alikuwa ameshalitamka, tena kwa mwanamke mwingine, tena mbele ya wazee.

Aliyemwambia hakujua anamwambia nini. Madam Wamboi, mwenye Chuo cha Ushonaji cha Lulu pale Kitale, aliingia ofisini kwa naibu wake bila kubisha, akaweka barua mezani na kuketi kwa uzito.

"Soma," alisema. "Halafu uniambie kama nifunge chuo nirudi kuuza viazi."

Barua ilitoka kwa Mzee Gathogo wa Endebess, baba yake mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliyeitwa Waithera. Mzee alikuwa ameikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka mahali. Jumapili, aliandika, nyumbani kwake walifika wageni wawili, kijana mmoja na mjomba wake kutoka Bokoli, wamebeba sukari na kreti ya soda. Walipokelewa vizuri, wakapewa chai. Kijana akajitambulisha kuwa ni Eliakim Wamalwa, akasema anampenda Waithera na anataka kumuoa. Mzee akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu ni mwalimu. Akamuuliza anafundisha wapi. Hapo ndipo chai ilipomwagika.

"Mtu anaenda kujishtaki mwenyewe na kreti ya soda," alisema Madam Wamboi. "Umewahi kuona?"

Phelista hakuwa amewahi kuona. Aliisoma barua mara ya pili, polepole, akitafuta pahali ambapo jina la Eliakim lingegeuka kuwa la mtu mwingine. Halikugeuka.

"Kamati inakaa saa nane. Mchungaji Jairus atakuwa mwenyekiti, na mimi, na wewe. Mzee mwenyewe anakuja. Wewe ndiwe naibu, andika pendekezo la adhabu. Sheria yetu unaijua."

Aliijua kwa sababu aliiandika yeye mwenyewe, miaka mitatu nyuma, mwaka wa elfu mbili na tatu, chuo kilipofunguliwa. Mwalimu akipatikana na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi, mwalimu atafutwa kazi na mwanafunzi atafukuzwa. Mstari mmoja tu. Siku aliyouandika haukumgharimu chochote.

Sasa nikueleze habari za Ijumaa, maana bila hizo Ijumaa utamwona huyu mwanamke mbaya bure.

Pale Lulu, kila wiki mwanafunzi alishona nguo moja ya kupewa alama. Nguo haikuandikwa jina. Ilipigwa pini kikaratasi chenye namba, na orodha ya nani ni namba gani ilikaa kwa mwalimu wa darasa. Eliakim, mkuu wa idara, ndiye aliyefundisha mwaka wa pili, watu kumi na tisa, wengi wao watu wazima: akina mama waliolea kwanza ndipo wakarudi shule, na vijana waliochelewa kwa sababu zao. Wiki saba zilizopita, Ijumaa saa nne, wakati wa chai, alibisha mlangoni kwa Phelista akiwa na nguo moja mkononi. Moja tu, namba kumi na nne.

"Madam, nisaidie na jicho lako," alisema. "Hii imenishinda kuipatia alama. Uiangalie wewe, uandike kwa daftari yako."

Phelista hakuuliza kwa nini. Mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, aliyezoea kuombwa chaki na ruhusa, akiombwa jicho lake na mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole, hataanza kuuliza kwa nini. Aliichukua ile sketi, akaipindua, akavuta zipu juu na chini, akaandika sabini na moja.

Ijumaa iliyofuata Eliakim alirudi, na nguo moja vilevile. Ijumaa ya tatu Phelista alikuwa amenunua vikombe viwili vya maua ya buluu na kuvificha kwenye kabati la faili. Ya nne alivaa gauni la maruni alilojishonea Krismasi akakosa pa kulivalia. Eliakim alikunywa chai amesimama, halafu siku nyingine ameketi, akasimulia habari za ng'ombe wa mama yake Bokoli, akacheka. Phelista aliposema, "Huyu namba kumi na nne ana mkono," Eliakim alitabasamu kwa uso mzima. Tabasamu hilo Phelista alilibeba hadi nyumbani, akakaa nalo Jumamosi na Jumapili.

Ijumaa ya tano alimpigia mama yake simu Myanga. "Mama, kuna mtu," alisema. Hayo tu. Mama wa Myanga hahitaji zaidi. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa imekandikwa upya, na jogoo mkubwa akapigwa marufuku kuchinjwa, hata mchungaji wao alipopita kuombea ukoo alipewa mayai.

Sasa, Madam Wamboi alipokwisha kutoka, Phelista alifungua droo akatoa daftari. Mistari saba ya namba kumi na nne kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuhitaji tena kuambiwa kwamba namba hiyo ni Waithera. Sabini na moja, sabini na nne, sabini na nne tena, sabini na nane, themanini, themanini na tatu, themanini na sita. Alikuwa ameyapatia mapenzi yao alama kila wiki, na alama zenyewe zilikuwa za juu. Uso ulimwaka moto. Aliwaona wawili hao wakimcheka mahali fulani, kila Ijumaa jioni, yeye na vikombe vyake.

Alichukua karatasi na kalamu ikakimbia yenyewe. Mwalimu Eliakim Wamalwa afutwe kazi leo. Mwanafunzi Waithera Gathogo afukuzwe leo. Alilipigia mstari neno "leo", mara mbili. Wivu ukiwa na sheria mkononi huandika vizuri sana.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mwanangu, hao wageni wanakuja siku gani? Nisiwe natafuta sukari mbio mbio."

"Mama, niko kazini."

"Si ni siku tu naomba. Wilkista amesema atakuja kunisaidia kupika." Wilkista alikuwa dada yake mdogo, mwenye mume na watoto watatu, na mdomo mrefu. "Ni wa ukoo gani, hata hiyo hukusema."

"Nitapiga baadaye, Mama."

Alikata simu, akaisukuma mbali na mkono wake.

Eliakim alibisha saa tano. Leo hakuwa na nguo.

"Madam, naona barua imekufikia."

"Imenifikia."

"Nilitaka ukuwe wa kwanza kujua. Jana nilikuja hadi hapo nje. Sikujua nianzie wapi."

"Ungeanzia Ijumaa ya kwanza."

Eliakim aliinamisha kichwa. Phelista alikasirika zaidi kwa vile hata katika aibu mtu huyu alipendeza, na mabega yake yalikuwa yale yale.

"Ilianza lini?" aliuliza. Halikuwa swali la naibu, na alijua.

"Mwezi wa tano, siku ya ile mvua ya mawe. Tulijikinga kwa posho mili pale chini, pale wanasaga unga, tukingoja ipite. Tuliongea tu, Madam, maneno ya kawaida. Lakini wiki hiyo nikiwa nasahihisha, nikaona kalamu yangu inampendelea. Nilimpa alama sita hakustahili. Nikafuta. Nikajiambia hapana, kuanzia leo hii nguo nampelekea Madam."

"Walimu ni tisa hapa. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huna upendeleo," alijibu bila kufikiri. "Kila mtu anajua. Hata wanafunzi wanasema, Madam Phelista hata ukiwa ndugu yake atakupa tu ile umestahili."

Alikuwa anamsifu, maskini. Phelista angeitoa haki yake yote, na heshima yake, na cheo, ili siku moja tu aambiwe na mtu huyu kwamba gauni la maruni linampendeza.

"Na chai?" aliuliza.

"Chai gani?"

"Basi. Endelea."

"Mimi wakinifuta ni sawa. Nilinyamaza miezi miwili, hiyo ni makosa yangu na sitaikataa. Lakini Waithera amebakisha wiki tatu afanye mtihani wa serikali. Watasema alama zake zilitoka kwangu. Hana kitu ya kujitetea isipokuwa hiyo daftari yako. Mimi nikiitaja, watasema natafuta pa kujificha. Wewe ukiitaja wataamini."

"Kwa hivyo umekuja kumwombea yeye."

"Ndiyo, Madam."

Angejiombea mwenyewe, pengine Phelista angemhurumia. Angepiga magoti, pengine angemwinua. Lakini mtu kusimama mbele yako, macho yamejaa mwanamke mwingine, na kukuomba wewe umwokoe huyo mwanamke, hilo ni tusi hata kama hakukusudia kutukana.

"Nenda kwa darasa lako, Mwalimu," alisema. "Kama bado ni lako."

Alipotoka, Phelista alilirudisha daftari ndani kabisa ya droo, chini ya fomu za zamani, akafunga na kuutia ufunguo mfukoni. Hakuna aliyejua habari za daftari hilo isipokuwa Eliakim. Na neno la mwalimu aliyeshtakiwa si kitu.

Saa saba mchana alikwenda kumtazama huyo Waithera. Alijiambia kwamba anakwenda kukagua vyerehani, uongo ambao hata vyerehani vyenyewe visingeuamini. Wanafunzi wengine walikuwa wametoka kwenda kula. Waithera alikuwa peke yake karibu na dirisha, tepu shingoni, pini tatu mdomoni, anapachika bitana kwenye koti la majaribio.

Phelista alimkagua kama anavyokagua nguo, akitafuta kasoro. Mfupi. Mikono migumu ya mtu aliyekamua ng'ombe miaka mingi. Kitambaa cha kichwa cha bei rahisi. Meno ya mbele yameachana. Alikaribia kufurahia hilo la meno, kisha akakumbuka kwamba mwanya ni uzuri, na furaha ikaisha.

"Wewe ndiwe namba kumi na nne."

Waithera alisimama, akatoa pini mdomoni moja moja. "Ni mimi, Madam."

"Unajua leo unaweza kufukuzwa?"

"Baba ameniambia. Yeye hata anangoja. Kuna mtu wetu huko Endebess anaitwa Muturi, ako na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Baba anasema nikirudi nyumbani nitakuwa nimesharudi kwa Muturi."

"Na wewe unasemaje?"

"Muturi ni mtu mzuri. Lakini sijawahi kufurahi akiingia mahali." Alishika ukingo wa meza. "Madam, naweza kuuliza? Mimi nina miaka ishirini na sita. Nilipiga kura ya kubadilisha serikali. Kosa langu mtaliandika aje?"

"Sheria iko."

"Sheria inasema mwanafunzi afukuzwe. Haisemi amefanya nini."

Phelista, mwenye sheria yake, alichukua mkasi uliokuwa mezani, akauweka tena palepale.

"Si ungengoja?" alisema hatimaye. "Umalize chuo, ndiyo upendane na watu."

"Ningeweza kungoja, ningengoja. Wewe hujawahi kushindwa kungoja?"

Swali liliulizwa kwa unyenyekevu, na lilimfika mahali pabaya. Phelista aligeuka aende.

"Madam," Waithera alisema nyuma yake. "Wacha nikuambie kitu ndiyo nisikibebe. Mimi nimekuchukia wiki saba."

Phelista alisimama.

"Kila Ijumaa anatoka kwako anatabasamu. Mimi niko hapa dirishani naona. Naona ile nguo yako ya maruni. Naona mtungi wa chai ukiingizwa. Nilikuwa namuuliza, huyo Madam anakuambia nini huko ndani? Ananiambia, amesema una mkono. Mimi siamini. Jioni nakosa hamu ya chakula." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nikaanza kushona nikijua ni wewe utaangalia. Ile blauzi ya mwisho, kola nilifumua mara nne. Sikutaka upate mahali pa kunicheka."

Kwa hiyo hapo ndipo alama zilipotoka. Kutoka sabini na moja hadi themanini na sita, kila alama ilishonwa kwa wivu, na Phelista amekaa upande wa pili wa ukuta amevaa maruni akidhani anapendwa. Wanawake wawili walikuwa wamekula donge moja wiki saba, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeshiba.

"Uliiona nguo yangu," Phelista alisema.

"Nani hakuiona, Madam? Ni yeye peke yake hakuona."

Alisema bila dharau. Kama angesema kwa dharau, Phelista angeweza kumpiga kofi na kwenda zake. Alitoka na macho yakimwasha, akapita ofisini mwake, akafungua droo, akatoa daftari na ile karatasi ya pendekezo, vyote viwili, na hadi anafika mlangoni kwa Madam Wamboi hakujua atasoma kipi.

Ofisi ya Madam Wamboi ilikuwa imejaa. Mchungaji Jairus alikaa nyuma ya meza, mzee mpole wa mvi ambaye alizoea kuamua kesi za kwaya. Mzee Gathogo alikaa kulia kwake, koti zito, kofia juu ya goti. Eliakim alikaa kwenye benchi la ukutani, na Waithera karibu na mlango, mbali naye, kama walivyoagizwa. Phelista alikaa pembeni mwa Madam Wamboi. Mchungaji aliomba kwa kifupi, kisha akampa Mzee Gathogo nafasi.

"Mimi sina maneno mingi," alisema Mzee Gathogo. "Nilileta msichana hapa afundishwe kushona. Sikumleta afundishwe kupendwa. Kupendwa ingekuwa somo, si ningemfundisha nyumbani? Huyu mwalimu amekuja kwangu, amekunywa chai yangu, na wakati wote huo yeye ndiye anampa msichana wangu maksi. Hiyo ni mapenzi ama ni biashara? Na ni mtu wa Bokoli. Huko sijui mtu hata mmoja."

"Baba," alisema Waithera.

"Nyamaza. Mimi nataka mwalimu aende. Na huyu nirudi na yeye Endebess leo, na nguo zake."

Madam Wamboi alipangusa uso. "Watu wakisikia kwamba hapa alama zinapatikana hivyo, nani ataniletea mtoto mwaka ujao? Mchungaji, mimi naona sheria ifuatwe tu. Wote wawili."

"Naibu ana pendekezo," alisema Mchungaji Jairus. "Mwalimu Phelista, tusomee."

Phelista alifungua karatasi. Aliona neno "leo" na mistari yake miwili, akaona pia jinsi alivyoikandamiza kalamu kwa hasira pale kwenye jina la Waithera. Mtu yeyote angeisoma karatasi hiyo angejua haikuandikwa na naibu. Aliikunja mara mbili, mara nne, akaikalia.

"Mzee Gathogo ameuliza swali zuri," alisema. "Ameuliza ni mapenzi ama ni biashara. Hapa kuna jibu." Aliweka daftari mbele ya Mchungaji. "Wiki saba zilizopita Mwalimu Eliakim aliacha kumsahihishia huyu mwanafunzi. Kila Ijumaa aliniletea nguo yake mimi. Sikujua ni ya nani, niliona namba tu. Alama zote hapo nimetoa mimi."

Mzee Gathogo alinyoosha shingo. Mchungaji akamgeuzia daftari.

"Themanini na sita," mzee alisoma kwa sauti. "Hii ni ya Waithera?"

"Ni yake. Ni kwa sababu ya kola. Mimi sijaona kola kama hiyo tangu chuo kifunguliwe."

Mzee alimtazama binti yake, akaitazama tena ile namba. Kofia ilianguka kutoka gotini na hakuiokota.

"Kwa hivyo hakuna kosa?" aliuliza Mchungaji.

"Kosa liko." Phelista alimgeukia Eliakim, na hapa sauti yake ikawa ngumu, wala hakuhitaji kuigiza. "Mwalimu, siku ile kalamu yako ilipokataa kutenda haki, ungekuja kwa Madam Wamboi ukasema. Ungehamishwa darasa mchana huo huo na leo hatungekuwa hapa. Ulimnyamazia mwajiri wako, ukamnyamazia mzee huyu, na mimi ukaniletea nguo kama mtu asiye na macho. Ulifanya haki kwa siri, na watu hawawezi kuiamini haki ya siri. Kwa hilo uadhibiwe."

"Sikatai," alisema Eliakim.

"Basi aachie ukuu wa idara. Aondoke Kitale kesho asubuhi aende tawi letu la Bungoma, akafundishe wanaoanza kushika sindano. Hadi mtihani uishe asikanyage chuo hiki wala asimwone Waithera. Akivunja hilo siku moja, hapo afutwe, na mimi nitaandika barua."

"Na msichana?" aliuliza Madam Wamboi.

"Ana miaka ishirini na sita. Hakuomba alama wala hakupewa. Nimetafuta kosa lake tangu asubuhi, Madam, na nimetafuta kwa bidii kuliko nyinyi. Sijaliona. Sheria ile niliandika mimi na niliiandika vibaya, nitairekebisha. Abaki afanye mtihani."

"Na hiyo ya Bokoli?" Mzee Gathogo aliuliza, lakini sauti ilikuwa imepungua moto.

"Hiyo ni ya nyumbani kwako, Mzee. Kamati haiwezi kukuchagulia mkwe."

Madam Wamboi alitazama dari kwa muda, akisema kimya kimya mambo ya wazazi na mwaka ujao, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mzee Gathogo aliokota kofia. Alisema binti yake atabaki hizo wiki tatu, na kwamba hajasema ndiyo kwa mtu yeyote kuhusu jambo lingine lolote. Eliakim alimtazama Waithera kutoka upande ule wa chumba, na Waithera akamtazama, kwa muda mrefu, watu wawili wanaoagana bila ruhusa ya kushikana mkono. Phelista aliona yote. Sitakudanganya kwamba moyo wake ulikuwa safi: kuna sehemu yake iliyofurahi kwamba wiki tatu nzima hata yule mwingine hatakuwa naye. Lakini hata furaha hiyo ilikuwa chungu, kwa sababu kule kutazamana ndiko alikokuwa amekutamani, na sasa amekuona kwa macho yake kwamba kupo, kwa watu wengine.

Mchungaji Jairus alifunga daftari, amefurahi kama mtu aliyemaliza kesi bila kelele.

"Tumshukuru Mungu," alisema. "Basi tuandike. Kazi za huyu dada zilizobaki, na ile nguo kubwa ya mwisho ambayo chuo kinaipa alama kabla ya mtihani, aendelee kuzisahihisha Mwalimu Phelista. Katika sisi wote yeye ndiye hana upande."

Madam Wamboi alianza kuandika.

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angetoka chumbani humo na sifa zake zote, mwanamke wa haki, asiye na upendeleo, na hakuna ambaye angejua. Nguo ya mwisho ingemjia mezani, na safari hii angejua ni ya nani. Alijiona ameishika, anaipindua, anatafuta. Na alijijua. Angepata kitu.

"Usiandike, Madam," alisema Phelista.

Kalamu ilisimama.

"Mimi pia siwezi kumsahihishia. Tafuteni mtu wa nje, mtu asiyemjua kabisa."

"Kwa nini?" aliuliza Mchungaji. "Umetoa alama wiki saba na hakuna aliyelalamika."

"Wakati huo sikujua ni nani. Sasa najua. Nina upande, Mchungaji."

"Upande gani, Mwalimu?"

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akamtazama Mchungaji, maana kutazama benchi la ukutani hakuweza.

"Kila Ijumaa alipobisha mlangoni na ile nguo, mimi nilidhani amekuja kuniona mimi," alisema. "Nilinunua vikombe. Leo asubuhi nimeandika huyu dada afukuzwe, na sikuandika kwa sababu ya chuo. Anayempenda hafai kumpa alama, hilo tumekubaliana. Basi na mimi sifai."

Madam Wamboi aliangalia kalamu yake. Mzee Gathogo, pamoja na maneno yake yote, aligeuka akatazama ukuta kwa heshima. Waithera alikuwa ameshika mdomo, na machozi yalikuwa yake, si ya Phelista.

Benchi lililia. Eliakim alikuwa amesimama. Phelista aliinua macho na kuona kwamba kwa mara ya kwanza tangu wajuane mtu huyu anamtazama, anamtazama yeye, kwa macho yale aliyoyangojea Ijumaa saba.

"Phelista," alisema, bila Madam na bila Mwalimu. "Mimi sikujua."

"Keti, Mwalimu," alisema Phelista. "Kikao hakijaisha."